Duka Lenye Maji

"Duka gani linamlowesha mtoto hadi kwapani?" babu alifoka.

"Punguza sauti, mzee!" Bibi alimkausha mjukuu haraka haraka, jicho mlangoni. Tangu mtoto augue kikohozi, mama yake alikuwa amemkataza kabisa kucheza na maji. Akigundua, matembezi yamekwisha, na kwa joto hili bibi hawezi kushinda ndani. Ndiyo maana alimfundisha mtoto kupaita kwenye dimbwi la bustanini "dukani".

"Na kiatu cha pili?"

"Kakichukua chura. Chura mkubwa kama ndoo, wallahi! Kakivaa, kaondoka zake anachechemea."

"Dukani tena!" mtoto alidai, akipiga makofi.

"Kesho, mchumba wangu. Kesho tutakwenda na—"

Mlango ukafunguka. Mama mtoto aliingia, mkoba begani, akaitazama sakafu iliyolowa.