Mwalimu Apollinaire na Mfalme Mwenye Ukoma

Mwalimu Apollinaire alikuwa na mfalme mmoja tu aliyempenda, na mfalme huyo alikuwa amekufa miaka mia nane iliyopita. Kwenye shule ya sekondari ya Uvira, mashariki ya Kongo, alikofundisha historia, programu ilimpa wiki moja kwa Vita vya Msalaba. Yeye alichukua mwezi. Wafalme wengine aliwapita mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua, kisha akifika kwa Baudouin wa Nne wa Yerusalemu, aliketi juu ya meza na kushusha sauti, na hata wasinziaji wa nyuma waliamka.

Kisa kilianza na mchezo. Mtoto wa mfalme na wenzake wanakwaruzana mikono kwa kucha ili kuona nani atalia kwanza. Wote wanalia isipokuwa yeye. Wanamsifu kwa ushujaa, mpaka padri aliyekuwa mwalimu wake anamshika mkono, anaufinya tena na tena, na kugundua kwamba mtoto hana ushujaa wowote. Ana ukoma. Hapo Apollinaire aliwaamuru wanafunzi wafinyane, darasa likajaa mayowe. Yaliyobaki aliyatoa bila huruma: mama aliyetengwa na baba kabla mtoto hajamfahamu, taji kichwani akiwa na miaka kumi na mitatu, ushindi vitani akiwa na kumi na sita, kisha vidole, kisha macho, mpaka mfalme akawa anabebwa kwenye machela huku dada yake Sibylle na mumewe wakihesabu pumzi zake. Hakufika hata miaka ishirini na mitano.

Lakini msikilizaji wake wa kweli hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mdogo wake, Marie-Claire, aliyemlea mwenyewe tangu wazazi walipofariki. Wengine huwatisha watoto kwa zimwi. Yeye alimtisha wake kwa ukoma. Msichana akikataa kunawa mikono, kaka yake alimuuliza kama anataka kuoza kama Baudouin. Akinawa, alisimuliwa kisa chote kama zawadi. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na huyu alikunjwa barabara.

Vita vya mwaka 1996 viliwatoa Uvira, na njia ndefu ya Tanzania, Malawi na Msumbiji ikawatupa Durban, Afrika Kusini. Mwaka 1998 walikuwa na saluni ndogo pale mtaa wa Umbilo, na fleti nyuma yake: Apollinaire, Marie-Claire, mumewe Juvénal, na binti yao Ineza wa miaka sita. Diploma ya historia haikumpa Apollinaire kazi yoyote katika mji huo, kwa hiyo alijifunza kumalizia rasta. Dada akishasuka, kaka alikusanya ncha za nywele za bandia na kuzichovya kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke. Alikuwa hodari. Wateja walishangaa jinsi asivyoogopa mvuke.

Siku moja mteja aliyekuwa kwenye kiti aligeuka, akapiga kelele kwa Kizulu: "Hawu, bhuti!" Yaani, jamani, kaka! Apollinaire akatazama. Alikuwa ameshika ncha za nywele ndani ya bakuli, na mkono wake wa kulia ulikuwa umezama hadi kwenye kifundo. Ngozi ilikuwa imeanza kujikunja. Hakusikia maumivu yoyote.

Marie-Claire aliuona mkono, kisha akamtazama kaka yake usoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Katika saluni zote za Durban, ni wawili hao tu wangeweza kuusoma ugonjwa kutoka kwenye kitabu cha historia badala ya kwenda kwa daktari.

Jioni ile Apollinaire alitaka kuhakikisha. Aliketi jikoni, akafumba macho, akamnyooshea shemeji yake mkono. Juvénal alikuwa ameshika sindano ile ndefu ya kushonea nywele.

"Haya, choma," alisema Apollinaire. Akangoja. "Uko unangoja nini, shemeji? Choma!"

"Nimeshachoma mara tatu," alisema Juvénal.

Alipofumbua macho, damu ilikuwa inatiririka hadi kwenye kiwiko, na Marie-Claire alikuwa amesharudi nyuma mpaka ukutani, akimkumbatia Ineza. Hofu aliyoiona usoni mwa dada yake aliitambua. Ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Kesho yake alitengewa kikombe. Keshokutwa yake, godoro lake lilikuwa barazani. Ineza alikatazwa kumkaribia, na mtoto alikuwa mtiifu kama mama yake alivyokuwa zamani. Apollinaire alivumilia, maana alikuwa na tumaini moja tu, nalo alilishika kwa mikono miwili: kwamba hospitali itamrudisha mezani kwa dada yake. Hakuomba makubwa. Alitaka kula na watu wake.

Hospitalini nesi alimpima mabaka ya mgongoni, ambayo mwenyewe hakuwahi kuyaona, akampa vidonge, na nusura amcheke. Ugonjwa huu unatibika, alimwambia. Utameza dawa kwa mwaka mmoja, lakini siku chache tu baada ya dozi ya kwanza humwambukizi mtu tena. Akamwandikia barua. Apollinaire alirudi Umbilo kwa miguu akicheka peke yake, watu wakimpisha. Alimsomea dada yake ile barua neno kwa neno, akiitafsiri.

Marie-Claire hakuipokea. "Mufalme hakuwa na dawa?" aliuliza.

"Siku zile haikuwepo, Marie-Claire. Sasa dawa iko."

"Miaka yote ile ulinifundisha macho inapofuka, vidole vinakatika. Mbona hukunifundisha kama dawa iko?"

Apollinaire aliikunja ile barua. "Sikujua," alisema. Na ilikuwa kweli, aibu ya kweli. Mtu mzima, msomi, mwenye kabati la vitabu, alikuwa ameishia mwaka 1185 na hakuuliza kilichotokea baadaye.

"Basi huyo nesi mimi simujui," alisema dada. "Wewe ndiye ninakujua. Wewe hukunidanganya hata siku moja."

Apollinaire aliondoka wiki hiyo hiyo. Alipokewa Pinetown, nje kidogo ya mji, na Libère, rafiki wa Uvira aliyefanya kazi kiwandani, mtu asiyejua historia yoyote na kwa hiyo asiyeogopa kitu. Walikula sahani moja. Lakini huko Umbilo mteja wa bakuli alikuwa ameshasimulia, na viti vya saluni vilikaa vitupu. Kila aliyepita aliuliza yule mwenye mkono yuko wapi. Juvénal, ambaye hakuwahi kukosa wazo baya, alitoa wazo lake, na Marie-Claire alilia siku mbili, halafu akakubali.

Jumamosi moja Libère alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, akasimama mlangoni, hajui acheke au alie. "Mwalimu," alisema, "banasema ulikufa Alhamisi. Malaria. Leo ni matanga yako kwa dada yako."

Apollinaire alivaa koti, akatia barua ya nesi mfukoni, akapanda taxi. Njia nzima alijiambia kwamba dada akimwona anatembea, ana macho, ana vidole vyote kumi, ataona haya na mambo yataisha. Damu ni nzito kuliko maji.

Uani nyuma ya fleti viti vya plastiki vilikuwa vimejaa. Akina mama wa kwaya waliimba. Mezani palikuwa na picha yake, na Ineza alikuwa ameketi chini, mbele ya picha, amevaa kitambaa cheusi, akilia kwa kwikwi, kilio cha mtoto asiyeigiza. Apollinaire alisimama nje ya geti. Marie-Claire alimwona kabla ya wengine. Aliacha kugawa chakula, akaja na sahani mkononi, akasimama kumkinga asionekane.

"Kaka, usiingie."

"Niko muzima, Marie-Claire. Niangalie."

"Ninaona." Machozi yalimtoka, ya kweli. "Jana na leo wateja banarudi. Ukiingia, saluni inakufa, na sisi wote nayo. Mutoto ameshalia. Nitamwambia nini, alie mara ya pili?"

Apollinaire alimtazama mtoto kupitia upenyo wa geti. Angeweza kuita jina lake mara moja tu. Alifungua mdomo, akaona jinsi kila mtu pale angeruka kutoka kwenye kiti, na Ineza akiwa wa kwanza kukimbia. Akaufunga.

"Umekula?" aliuliza dada yake.

"Bado."

Marie-Claire akaweka sahani juu ya ukuta mdogo uliokuwa kati yao, ugali, sombe ya majani ya muhogo na kipande kikubwa cha samaki, kile wanachotengewa wakubwa, akarudi nyuma hatua mbili ili kaka aichukue.

"Nenda ukale huko kwenye stendi ya taxi," alisema. "Na sahani usirudishe."