Kunagongwa Chini ya Sima Yangu

Mwenye kusikia wa kwanza alikuwa paka yangu. Saa sita ya muchana jua ya Kolwezi inakaanga mabati, basi alilala juu ya sima, ile saruji ya chini, pale kati ya kitanda na ukuta. Akaweka sikio chini, akanyanyua kichwa, akaniangalia kama juge mahakamani mwenye kungojea mi niseme ukweli.

Mi nikamwambia: "We, usiniangalie vile. Kama ni panya, kazi ni yako."

Hakutoka. Basi na mi nikashuka, na magoti yangu haya yenye kulia kama mulango ya zamani, nikalaza sikio juu ya sima.

Ko. Ko. Ko-ko-ko. Ko.

Ile mulio niliijua. Batu karibu mia mbili baliijua. Na mwenye mulio, Stany, tuliambiwa eko Kasaji, kwa kilio ya mujomba wake.

Ngoja niseme Stany ni nani, juu bila kumujua hautaogopa vile niliogopa.

Stany ni mutoto wa Kasaji. Tata yake alikuwa anapakia mahindi juu ya baisikeli na kuisukuma mpaka soko, mpaka siku alianguka nayo na hakuamuka. Stany alitaka kuwa mwalimu. Masomo ikakatika. Akafika hapa na ile baisikeli ya marehemu na kitabu moja yenye haina ganda. Akasafisha muchanga upande wa Kingamyambo, akabeba mifuko, kisha akashuka ndani ya mashimo kama bacreuseur bengine, bale banatafuta shaba na kobalti na nyundo. Akapanga chumba kwa Tata Kankolongo, jirani yangu. Kati ya parcelle, kiwanja yake, na yangu kuko ukuta ya tofali moja tu: akipika sombe kwake, mi najua kama amesahau chumvi.

Jioni Stany ananawa, anageuza karai, anaketi juu yake, anaandika ndani ya telefoni na kidole moja. Anaandika ndani ya grupe yetu, Kalamu ya Manika. Kila mutu anatia mule hadithi yake: banamuke ba soko, bashofere, hata moja mwenye eko Belgique na analalamika baridi kila siku. Lakini yenye tulingojea ilikuwa ya Stany, siku ya Mungu kisha misa. Mbele ya kuandika anatuma kwanza sauti fupi: nyundo yake juu ya chuma. Ko. Ko. Ko-ko-ko. Ko. Chini kule, kila muchimbaji eko na mulio yake, ili mwenye kushika kamba pale juu ajue anavuta nani. Ya Stany ndiyo ile. Tukiisikia, tunaacha sufuria.

Alikuwa anaandika juu ya Wivine, mwanamuke wa Musumba aliyeacha bwana mukali akaanza njia na mutoto mugongoni. Ilibaki kipande ya mwisho. Atafika, ao hatafika?

Tena alikuwa anasoma ya kila mutu. Ukikosea, anakuja pembeni, na heshima: "Mama, tata huyu umemuzika asubui, mangaribi anakunywa chai." Hata mi, mwenye sijue kusoma, mwenye kutuma uongo yangu kwa sauti, hakuniacha: "Bibi yangu, mamba ya jana ilikuwa na meno, leo haina. Uchague." Ananiita bibi yangu, mi namuita bwana yangu. Kwetu nkambo na mujukulu banataniana vile, na basichana ba kartie, mutaa yetu, bananionea wivu mpaka leo.

Ile siku ya Mungu, kimya. Kesho yake, kimya.

Ndani ya grupe maneno ikaanza. Samy akasema: "Amekuwa mukubwa, hatuko tena watu wake." Mwengine akasema ameenda Canada. Kisha Bilkisi akaandika. Bilkisi ndiye chef, mukubwa wa grupe. Anauzisha bitambala sokoni, bazazi bake ni batu ba Maniema, na bwana yake Karim eko na lori. Akaandika: "Nimeuliza Tata Kankolongo. Stany eko Kasaji kwa kilio." Batu bakatia mikono ya maombi, moja, moja, moja, mpaka telefoni ya mukamwana wangu Jémima, mwenye kunisomea, ikachoka.

Lakini baisikeli ya Stany ilikuwa bado inaegemea ukuta. Mutoto wa Kasaji anaenda Kasaji, anaacha baisikeli ya tata yake? Na sandale yake mulangoni?

Sasa hii mulio.

Nikaita Jémima. Akalala chini na mi. Kimya.

"Nkambo, mi sisikie kitu."

"Ngojea."

Tukangojea. Kimya. Akakunguta kanga yake, akasimama. "Nkambo, unajua nakupenda. Lakini hii ni kama ile ya kiboko."

"Shika telefoni, nitume sauti."

Nikasema ndani ya grupe, bila mapambo, bila kuimba mbele: Stany haiko Kasaji, eko chini ya nyumba yangu, anagonga. Jibu ikafika, kicheko juu ya kicheko. Samy akauliza kama Stany amenioa sasa, na kama arusi itakuwa chini ya udongo. Bilkisi hakucheka.

"Nkambo, heshima kwako. Mwezi uliopita ulisema kiboko ameingia soko ya Manika kununua sabuni. Nilifunga meza yangu nikakimbia kuangalia! Leo mutu eko na kilio. Ukisema tena hii, nitakutoa ndani ya grupe."

Ile siku nilijua uchungu ya kuwa mutu wa uongo. Mutu wa uongo anapendwa sana, mpaka siku anahitaji bamuamini.

Nikaenda kwa Kankolongo. Aliketi juu ya kiti mbele ya chumba ya Stany, mulango imefungwa nyuma yake.

"Jambo, Tata Kankolongo."

"Jambo, Mama." Hakusimama.

"Stany eko wapi?"

"Si nilisema? Kasaji."

"Alipanda mugongo ya nani? Baisikeli yake ninaiona."

"Alipanda lori."

"Bila sandale?"

Nikaangalia mikono yake. Udongo mwekundu ilijaa chini ya makucha, na kidole bili zilifungwa na kitambaa yenye damu. Mutu wa kuketi kwa kiti haiko na mikono kama ile.

"Mama, rudia kwako," akasema, na sauti ikakuwa ndogo. "Unajua kuchimba ndani ya nyumba kunakatazwa. Batu bakijua, banachukua parcelle. Batoto bangu batalala wapi?"

"Na Stany analala wapi?"

Akaanza kulia, mwanaume wa miaka yake. Akasema udongo ilianguka siku ya posho, ile mbele ya siku ya Mungu. Stany alikuwa chini, ye alikuwa juu na kamba. Kamba ikarudia peke yake. "Nilichimba, Mama. Nikitoa karai moja, inaanguka bili. Nikamuita. Hakuitika. Amekwisha."

"Haitike sababu haiko chini yako. Eko chini yangu."

Akaniangalia kama nimemupiga. "Tulifuata mushipa ya jiwe ya kobalti," akasema pole pole. "Ilikata kuelekea kwako."

"Bila kubisha hodi?"

Nikamwambia: "Ita bachimbaji." Akatikisa kichwa. Woga ilimufunga pale juu ya kiti kama mbuzi. Na mi, nikiita mu barabara, nani atavunja nyumba ya mutu juu ya maneno ya bibi kizee wa kiboko?

Nikarudia mbio, kama ile ni mbio. Nikamwambia Jémima: "Weka telefoni chini, ikamate sauti." Akaangalia batri: nyekundu. Courant ya umeme ilikatika tangu asubui. "Nkambo, itazimika."

"Iweke!"

Akaiweka. Hakuna kitu. Nje jogoo ya nani sijui iliwika, Jémima akaitukana. Nikashika muti yangu ya kutwangia, nikagonga sima. Ko-ko. Ko-ko. Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Pengine alilala. Pengine ile yenye nilisikia ilikuwa ya mwisho.

Pale nikakumbuka ni nani eko chini. Huyu kijana hajawahi kuacha kosa ipite. Basi nikagonga mulio yake mwenyewe, lakini vibaya, kama mulevi mwenye kucheza ngoma ya arusi. Ko-ko. Ko. Ko. Ko-ko-ko-ko. Nikarudilia, vibaya zaidi.

Chini kabisa, pole, kama mutu mwenye kuchoka kufundisha mupumbavu:

Ko. Ko. Ko-ko-ko. Ko.

Jémima akafunika kinywa na mikono. Akatuma ile sauti bila kusema neno. Telefoni ikazimika pale pale, hatukujua kama imefika.

Tukaketi. Sitasema tulikaa muda gani, juu kwangu ilikuwa mwaka. Niligonga vibaya, ye alirekebisha. Niligonga vibaya, ye alirekebisha, na kila mara ilikuwa pole kuliko ya mbele. Kisha nikasikia lori mbele ya parcelle, na mulango ikafunguka bila hodi. Bilkisi, kitambala imeanguka shingoni, analia. Nyuma yake Karim na mbao juu ya bega. Nyuma yao batu ba grupe, bale sikuwahi kuona sura: Samy, kumbe ni kafupi hivi! Na Papy, muchimbaji wa zamani, na masururu na kamba.

Bilkisi akataka kusema. Nikamwambia: "Utaomba msamaha kesho. Lala chini usikie."

Papy ndiye alilala. Akasogea, akasikia, akasogea. Akaweka mukono chini ya kitanda yangu. "Hapa. Upande wa Kankolongo udongo ni mulegevu, itamuzika. Tushukie hapa. Mama, ni lazima tuvunje."

Ile sima marehemu bwana yangu aliimwaga mwenyewe. Katika bitu byote alitengeneza, ndiyo peke yake yenye kunyooka.

"Vunja."

Balipopiga ya kwanza, mutu aliruka ukuta. Kankolongo, na kipao yake ya kuchotea udongo. Hakusalimia mutu. Akashuka ndani ya kazi na ile mikono yake ya damu, na hakuna mwenye alimuuliza kitu.

Bakachimba, bakapanga mbao, bakachimba. Papy akapenyeza bomba ya chuma ndani ya udongo, pole pole, mpaka ikaingia kwa uwazi. Akaweka sikio. "Anapumua. Lakini hewa ni kidogo, akilala tumemukosa. Mama, mumusemeshe."

"Nimuambie nini?"

"Uongo yote unajua!"

Nikaweka kinywa kwa bomba. "Bwana yangu, ni mi bibi yako. Sababu umechelewa kuandika, nitamaliza mi ile ya Wivine. Sikiliza. Wivine alikuwa mwanamuke wa miguu tatu."

Ndani ya bomba: ko. Moja tu. Maana yake hapana. Batu bakacheka na machozi.

"Miguu bili, sawa. Mutoto mugongoni alikuwa na ndevu."

Ko.

"Bwana yake mukali akamufuata, akabadilika kuwa bukari ndani ya sahani."

Kimya.

"Stany? Nimesema bukari."

Kimya. Papy akaacha kuchimba. Kila mutu akaacha. Nilisikia maji inatoka kwa paji ya Karim inaanguka juu ya mbao. Kankolongo alipiga magoti. Mi nilitafuta ndani ya kichwa uongo mukubwa kuliko yote, na kichwa ilikuwa tupu, mi mwenye nilivalisha mamba miwani. Ikabaki kitu moja tu, ndogo.

"Basi Wivine akaenda gare ya Musumba," nikasema. "Akapanda treni."

Hakuna kitu. Hakuna kitu. Kisha, kwa bomba, sauti ya mutu, kavu kama ganda ya muhogo:

"Nkambo... treni haifike Musumba."

"Chimba!" Papy akapiga kelele. "Chimba, chimba!"

Balimutoa na jua ingali juu. Nilimufunika macho na kitambala ya Bilkisi ili mwangaza isimuumize. Alikuwa mwepesi kama kifaranga. Kankolongo akamushika miguu, akaweka uso juu yake, akasema "mwanangu, mwanangu," na Stany akaweka mukono juu ya kichwa yake. Parcelle ikichukuliwa ao isipochukuliwa, ni maneno ya siku ingine. Leo shimo bili zimejazwa, na mi nalala kwa chumba ya Jémima, naye analalamika ninakoroma.

Bilkisi alimupa Stany telefoni asalimie grupe. Akaangalia bidole byake. Makucha haikubaki, alikwaruza jiwe nazo. Akanipa mi ile telefoni.

"Andika wewe, bibi yangu."

"Mi sijue kuandika."

"Sema, Jémima aandike. Sema vile ilikuwa." Akakohoa, akanikazia macho yake mekundu. "Lakini usiongeze kitu."

Nimesema. Jémima ameandika. Stany amesomewa yote, ameketi juu ya karai yake, na amerekebisha mahali pengi. Sikuongeza kitu. Ni paka tu. Mi sina paka.