Ukanda wa Katikati

Marehemu aliitwa Mama Safari, ingawa hakuwa msafiri. Magari aliyapanda mara chache, na kila alipopanda alitapika. Jina lilitokana na mashamba yake matatu, ambayo yalikataa kukaa pamoja. Asubuhi ungemkuta bondeni, miguu kwenye tope, akipalilia mboga na magimbi. Jua likianza kupanda, naye anapanda: yuko mteremkoni kwenye mahindi, maharage na maboga, vyote katika shimo moja, vikibanana kama wapangaji. Jioni yuko juu ya mlima, kwenye mihogo na changarawe, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Huko ndiko alikokaa, na huko ndiko alikofika kila siku akiwa amechoka kabisa.

Aliyemfanyia hivyo ni baba yake mzazi, mzee wa haki. Alikuwa na mlima mmoja na watoto watatu: kaka mkubwa, binti huyu, na kitindamimba. Mtu mwingine angempa huyu bonde, huyu mteremko, huyu kilele, akarudi kwake kulala. Mzee alikataa. "Mvua ikizidi, bonde linazama," alisema. "Jua likizidi, kilele kinakauka. Mungu hapigi pote kwa siku moja, basi na nyinyi msikae mahali pamoja." Akachukua kamba, akakata bonde vipande vitatu, mteremko vitatu, kilele vitatu. Kila mtoto akapata tope, udongo mwekundu na changarawe. Ilikuwa haki tupu. Vipande vilikuwa vyembamba hivi kwamba ukiinua jembe lako, mpini unalima kwa jirani.

Jambo la pili ambalo watu waliliona, wakalicheka, ni kwamba popote vipande vilipolala, binti alikuwa katikati. Hakuna mahali kaka mkubwa alipopakana na mdogo wake. Watu walidhani mzee ameishiwa na ubunifu. Lakini mzee aliwajua wanawe. Walipolala kitanda kimoja utotoni, binti ndiye aliyewekwa katikati, akala mateke ya pande zote mbili, na nyumba ikalala.

Ukubwani hao ndugu wawili waliacha kusemeshana kabisa. Kaka mkubwa alisema chanzo ni panga, alilomwazima mdogo wake likarudi bila mpini. Mdogo alisema panga hilo halikuwahi kuwa na mpini tangu liumbwe. Mashahidi hawakuwepo. Kwa hiyo wakawa wanalima kila mmoja upande wake, na maneno yao yakawa yanapita kwa dada yao.

"Mwambie mwenzako mbuzi wake amekula mahindi yangu," kaka mkubwa alisema siku moja pale mteremkoni, bila kuinua kichwa.

"Kasikia," Mama Safari alijibu, akiendelea kupalilia.

"Mwambie mbuzi wangu ana kamba shingoni tangu juzi," mdogo alisema kutoka upande wa pili. "Labda alikula ndotoni."

"Anasema mbuzi kafungwa, kaka."

"Mwambie kamba ya mbuzi wake ni ndefu kama ulimi wake."

"Hilo sipeleki. Lina matusi. Lipunguze."

Kaka mkubwa aliegemea jembe, akafikiri. "Basi mwambie kamba ni ndefu."

"Mdogo wangu, kamba ni ndefu."

"Nimesikia tangu mwanzo, dada. Mimi si kiziwi."

"Basi nyamazeni, mmeshaongea."

Mbuzi huyo, ili afike kwa kaka mkubwa, ilimbidi apite kwa Mama Safari, na alipita akila. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Akiwa njiani kati ya kipande na kipande Mama Safari alisali. Aliwaombea kaka yake na mdogo wake, kila mmoja peke yake ili wasichanganyike hata mbinguni. Mwisho aliliombea goti lake la kulia. Mungu husikia maombi yote. La goti alilijibu kwa kukataa. Ukafika mwaka ambao goti lilikubali kuteremka tu. Kupanda lilisema halimo.

Mwaka huohuo ndipo alipokuja bwana shamba mpya, kijana mpole, viatu vyake bado vinang'aa. Aliutembea mlima wote, akapotea mara mbili kati ya mipaka, kisha akaomba kikao. Walikaa sebuleni kwa kaka mkubwa. Ndugu wawili walikaa kuta tofauti, na Mama Safari kwenye kiti cha plastiki katikati yao, mguu umenyooka mbele. Binti wa Mama Safari alisimama mlangoni. Bwana shamba aliomba radhi kwa mwenye nyumba, akachora mlima kwa chaki kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa.

"Wazee wangu, na wewe mama yangu," alisema. "Mnatumia nusu ya siku njiani na nusu nyingine kwenye mipaka. Trekta likiingia humu halina pa kugeukia. Unganisheni vipande. Kila mtu awe na shamba moja, la kueleweka." Akafuta mistari yote kwa kiganja, akabakiza miwili. Bonde likawa la kaka mkubwa, mboga tupu, kwa ajili ya soko. Mteremko ulio karibu na barabara ukawa wa mdogo, mahindi tupu. Kilele akapewa Mama Safari. "Ni mlangoni kwako, mama. Hata goti litashukuru."

Alikuwa amesema kweli, na wote walijua. Kaka mkubwa akatikisa kichwa kukubali. Mdogo naye akatikisa, kwa wakati uleule. Mama Safari akashtuka. Wanaume hao hawakuwa wamekubaliana jambo lolote tangu mazishi ya baba yao, na hata siku ile walitofautiana kuhusu kina cha kaburi.

Alitazama ule mstari wa chini, kati ya mteremko na bonde. Mdogo yuko juu yake, kaka yuko chini yake, na maji ya mvua hayajui habari za vikao. Yatatoka kwenye mahindi ya huyu yashukie mboga za yule. Na mapanga wote wanayo, hata kama moja halina mpini.

"Hapa," alisema, akionyesha kwa fimbo, "kuna nani?"

"Hapana mtu hapo, mama. Ni mpaka tu."

"Ndiyo nauliza. Hapana mtu?"

"Mama Safari," kaka mkubwa alisema, "usianze."

"Sijaanza, kaka. Chukueni kilele. Apewe huyu mdogo wangu, kishikane na mteremko wake. Wewe bonde lako liko palepale. Mimi nikatieni ukanda hapa chini ya mteremko, wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kidogo kutoka kwake na kidogo kutoka kwako."

Bwana shamba alichuchumaa, akapima kwa vidole vyake kwenye sakafu. "Mama, hilo si shamba. Ni njia."

"Ni kipande kimoja au si kimoja?"

"Ni kimoja, ila…"

"Si ulisema kimoja?"

"Mama!" binti yake alisema kutoka mlangoni. "Huko ni mawe na maji. Na nyumba iko juu! Utapandaje?"

"Nitateremka kwanza. Kupanda tutaona jioni."

Mdogo alikuna kichwa. Kwa kilele cha bure hakuwa na la kupinga. "Dada, una hakika?"

"Mwambie akili zako zimeisha kabla ya goti," kaka mkubwa alisema.

"Anakuambia nina hakika," Mama Safari alisema.

Ikawa hivyo. Na isemwe wazi kwamba bwana shamba hakukosea. Trekta liliingia, likageuka, watu wakatoka kuliangalia likigeuka. Mboga za kaka mkubwa zilikwenda sokoni kwa gari. Mahindi ya mdogo yalisimama mistarini kama askari. Mama Safari alivuna magimbi membamba na magugu yenye hasira. Ule ukanda wake ulikuwa na upana wa kulaza mtu na nusu, na mvua ya kwanza ikalala humo yote. Akachimba mfereji urefu wote, akapanda majani ya mifugo ukingoni kushika udongo, na kila mvua ilipokatika alikuwa humo na koleo, akitoa tope la mdogo lisifike kwa mkubwa. Mkubwa alilalamika kwamba mfereji uko karibu mno na mboga zake. Mdogo alilalamika kwamba udongo wake mzuri unaibwa. Malalamiko yote alipewa yeye, akayaacha humohumo mferejini.

Jioni binti yake alikuja na toroli. Mama Safari aliketi ndani, fimbo mapajani, kama mzigo unaojua bei yake. Palipokuwa na kilima kikali, aliwaita ndugu zake. Mmoja alivuta kamba mbele, mwingine alisukuma nyuma, na yeye katikati akiwaambia nani amelegea. Binti alimsihi aache. "Mama, wajomba wataelewana tu. Watu wazima wale." Mama Safari alisema anawaombea wafike huo utu uzima, na kwamba Mungu hana haraka.

Alifariki usingizini, mwanzoni mwa mvua, baada ya sala ya jioni, bila kumsumbua mtu. Hiyo haikuwa tabia yake. Alizikwa juu, karibu na nyumba. Wajomba wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na hakuna aliyesema neno, kwa kuwa hapakuwa na wa kulipeleka. Binti alilia mpaka sauti ikakatika. Kisha mvua ikanyesha usiku kucha na mchana wake, akakaa ndani na wageni, na hakuna aliyeukumbuka mfereji.

Siku iliyofuata mpita njia alichungulia mlangoni, akasema kwamba bonde lote la mjomba mkubwa liko chini ya maji, na kwamba wajomba wote wawili wako huko. Binti aliacha chai mezani, akateremka mbio, mdomoni akisali sala asiyoweza kuimaliza. Kabla hajawaona aliwasikia.

"Mfereji huu unapinda huku!" ilikuwa sauti ya mjomba mkubwa.

"Huku wapi? Ukipinda huku si unaniingilia mimi?"

"Wewe hujawahi kujua kuchimba, tangu utoto!"

"Na wewe nani alikufundisha?"

"Baba."

"Baba alinifundisha mimi! Wewe ulikuwa umelala!"

"Nilikuwa naumwa!"

"Uongo! Muulize…" mjomba mdogo alisema, akageukia katikati yao, na hapakuwa na mtu.

Walikuwa ndani ya ukanda, maji yakiwafikia magotini, kila mmoja na jembe. Mmoja alichimba kutoka mwisho wa huku, mwingine kutoka mwisho wa kule, na kwa macho tu mtu yeyote aliona kwamba vichimbo hivyo viwili havikuwa na mpango wa kukutana. Mvua iliendelea.

"Sogea kwako kidogo," mjomba mkubwa alisema hatimaye. "Hapo pana mwamba."

"Nauona mwamba."

"Basi mbona unaupiga?"

Mjomba mdogo alisogea. Ndipo walipomwona binti, amesimama kwenye majani ya ukingoni, kanga imelowa, mikono kichwani.

"Umesimama nini, mjomba?" mkubwa alimwambia. "Lete koleo."

Akaleta. Walichimba mpaka alasiri wakigombana kuhusu kila jiwe, na mfereji ukakutana, ukiwa na kona mahali ambapo hapakuhitajika kona. Maji yalisita pale, yakazunguka, yakapita.