Mama Aliyefunga Mlango wa Filamu

Jumapili mchana, katika chumba kimoja cha video hapa Beu, mtaa wa mji wa Beni, tuliangalia filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mwanamke wa kwenye filamu akasikia hatua za mtu nje ya nyumba yake.

"Mama, zimisha taa!" tukampigia kelele sote.

Mama mmoja aliyekaa nyuma hakupiga kelele. Aliinuka taratibu, akafunga mlango wetu kwa komeo. Hakuna aliyecheka, maana hapa Beni kila mtu hulala na sikio moja nje, kwa hofu isiyokwisha ya wavamizi wa usiku.

Filamu ilipokwisha aliufungua mlango, jua likaingia. Nikamuuliza ameionaje.

"Iko muzuri sana, papa," akasema, akiniita baba kwa heshima huku akikaza kitenge chake. "Ilituogopesha, mais... lakini iliisha."

Aksanti, mama. Mjini kwetu sijui sifa kubwa kuliko hiyo.