Ngoma ya Kijapani Siku ya Kipaimara

Ukumbi wa kanisa letu kule Alief, ughaibuni tulikohamia, ulinuka dawa ya sakafu, na juu ya harufu hiyo isombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na mafuta ya mawese yaliyokuwa yakipashwa moto tangu asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Msimu ule mwalimu wetu wa muziki shuleni, mama wa Kijapani mwenye sauti ndogo, alikuwa ametufundisha wimbo wa sherehe za kwao: mnazunguka duara, mnachota mchanga usioonekana, mnautupa nyuma ya bega, mnapiga makofi matatu. Hatukujua maana ya neno hata moja. Mimi na binamu zangu wawili tuliurudia kila jioni kwenye maegesho ya magari, mpaka mama, ambaye tangu tutoke kambi ya wakimbizi hakuwa amecheza wala kuimba, akaomba tuucheze kwenye kipaimara cha kaka yangu Bonifasi.

Muda mfupi kabla ya zamu yetu nilitumwa garini kuchukua vikombe. Nilimkuta baba ameegemea mlango, simu sikioni, sauti ya mjomba ikitoka wazi kule kambini: bibi, mama yake mama, amefariki. Baba alikata simu, akaniona. Aliniuliza kama nimesikia, nikaitikia kwa kichwa.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Acha watu wamalize kula, waondoke. Nitamwambia mwenyewe."

Wahenga husema mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tulikificha kilio chenyewe, na hakuna aliyetufichua. Muziki ulipoanza niliingia kwenye duara, nikangoja nihisi kitu. Mikono yangu ilichota, ikatupa, ikapiga makofi, kama mikono ya mtu mwingine. Mama aliinuka mezani akajiunga nasi, akakosea, akacheka mpaka kilemba kikamfunguka. Wanawake wenzake wakamfuata. Tulirudia mara tatu kwa sababu yeye aliomba.

Tulipofika nyumbani, kabla mama hajavua viatu, baba alimwambia kwamba simu imeingia sasa hivi. Mama alianguka sakafuni akilia. Mimi nilikwenda jikoni kuosha masufuria, nikayaosha yote.

Siku hizi nahudumia wazee mji wa jirani, Missouri City. Watoto wa binamu zangu hujifunza ngoma za Kijapani kwenye simu, kwa siku moja tu, na huzicheza sherehani vizuri kuliko tulivyocheza sisi. Mimi huwapigia makofi. Baba amekwishafariki, na kwenye msiba wake pia niliosha masufuria. Mama anayo video ya kipaimara kile, na Jumapili baada ya misa hupenda kuitazama. Wiki iliyopita alinigusa goti, akanionyesha uso wake kwenye kioo cha simu.

"Ona nilivyocheka," alisema. "Siku hiyo bado nilikuwa na mama."

Nilimwitikia kwamba ndiyo, nikamwongezea sauti ya video.