Tangi Lililoipita Gata

Mkubwa wetu alipotangaza kwamba ofisi inahamia programu mpya, mimi nilicheka. Miaka yote nimechora majengo ya Kitui na Makueni kila karatasi peke yake: plani hapa, sura ya mbele pale, paa kwingine. Sasa ati unajenga jengo zima ndani ya kompyuta, ukuta, paa na mabomba, halafu karatasi zinajitoa zenyewe! Na programu yenyewe ina maswali kama mama mkwe. Ukuta huu ni wa mawe au wa matofali? Umesimama juu ya nini? Siku ya kwanza nilitaka kuitupa laptopu dirishani.

Nikaambiwa nifanyie mazoezi kazi ninayoijua. Nikachagua ukumbi wa kanisa la kwetu, upande wa Matinyani. Michoro yake aliichora mkubwa mwenyewe, na ujenzi ulikuwa unaendelea. Mabati yalishapigwa, gata, ile mifereji ya ukingoni mwa paa, zimefungwa, na mwethya wa akina mama, wale wanaosaidiana kazi kwa zamu, walikuwa wanajenga tangi la mawe la kukinga maji ya paa. Mwenyekiti wao ni mama yangu. Walibeba mchanga na mawe kwa migongo kiangazi chote ili mvua ya Novemba isiwapite. Bila tangi hilo ni kurudi kufukua mchanga wa mto kutafuta maji, jerikeni baada ya jerikeni.

Programu ikataka mwinuko wa ardhi. Mwinuko wa nini tena? Sisi tumezoea kuchora ardhi kwa mstari mmoja ulionyooka kama meza, hata kwenye vilima hivi vyetu. Nikasonya, lakini nikatafuta vipimo vya mpima ardhi, nikaviingiza. Halafu nikaligeuza jengo nilitazame kwa upande.

Woi! Niliruka, kiti kikaanguka.

Gata ilikuwa inafika kiunoni mwa tangi tu. Mkubwa alikuwa ameliweka tangi karibu na barabara, jinsi tunavyofanya sote huku, ili mwaka wa ukame lori la maji lifike na kumwaga. Lakini barabara iko upande wa mlimani, na ardhi ya hapo iko juu. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa kabisa. Kwenye mteremko, nusu ya juu ya tangi haingeona tone la mvua, maana maji hayapandi mlima. Nilihesabu upya, nikahesabu tena.

Nikamwita mkubwa. "Hiyo programu bado hujaijua vizuri," akasema. Kisha akainama, akatazama, akavua miwani.

"Tusiseme kitu mpaka Jumatatu," akasema. "Nitaongea na mchungaji polepole."

Jumatatu! Na akina mama walipanga kulifunika tangi Jumamosi! Nilipandwa na hasira. Nikachukua laptopu nikaenda Matinyani mchana huohuo.

Niliwakuta wanaimba, mawe yanapita mkono kwa mkono. Ukuta wa tangi ulishampita mama yangu kimo. "Mwanangu," akacheka, "umekuja kubeba mawe na suruali hiyo?"

Nikawaonyesha picha kwenye skrini. "Kwani hiyo kompyuta imewahi kuchota maji?" mmoja akauliza, wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alimwita fundi wao alete mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi hupimia usawa. Ncha moja ikashikwa penye gata, nyingine ikaegemezwa kwenye tangi. Maji yakacheza, yakatulia.

Yalitulia kiunoni mwa ukuta. Fundi akaweka alama ya chaki, na wimbo ukakatika. Mama mmoja akaketi juu ya mchanga, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Mimi nilishtuka upya, kana kwamba sikuwa nimejua. Kwenye skrini niliona kosa la mchoro. Hapa niliona migongo ya watu.

"Maji ya nusu tangi hayatufikishi Februari," mama akasema hatimaye. "Saruji ya juu bado ni mbichi. Tulibomoe, tulihamishe upande wa chini kabla ya mvua."

Nilidhani watabishana. Hakuna aliyebisha. Walifunga leso viunoni upya, wakapanga mstari. Nikaiweka laptopu chini nikashika jiwe.

"Liache hilo jiwe," mama akaniambia, bila kupandisha sauti. "Wa kubeba tupo. Wewe simama hapo ututazame vizuri, ili ukamwambie mkubwa wako ulichokiona."

Nikasimama, nikawatazama wakiyashusha mawe waliyoyapandisha asubuhi.