Sare ya Damu ya Mzee

Shangazi yangu alichagua rangi ya sare kabla chama changu hakijachagua rangi yake. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wako watu hapa Kibokoni wanaoamini kwamba mimi ndiye niliyepanga.

Mambo yalifuatana hivi. Mtoto wa kiume wa kaka yangu alikuwa anaoa. Kwetu, harusi ikikaribia, upande wa bwana harusi hupeleka begi kwa bibi harusi: sanduku la nguo, viatu, manukato, udi, kila kitu mpaka chanuo. Halipelekwi kimyakimya. Wanawake wa ukoo huvaa leso za aina moja, hiyo ndiyo sare, wakalisindikiza kwa miguu kwa nyimbo na vigelegele, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Shangazi, mwenye duka la leso Biashara Street, alifungua robota zima la leso za rangi ya damu ya mzee na nyeupe, akazigawa kwa jamaa mpaka Lamu na Malindi.

Wiki iliyofuata chama changu kikatangaza rangi zake za kampeni. Damu ya mzee na nyeupe.

Chama chenyewe ni kidogo ila kina kelele. Tunataka wachuuzi wa kivukoni Feri waachwe watafute riziki, hospitali ziwe za wote, na matajiri walipe kodi kama watu wengine. Shangazi yuko upande wa pili kabisa. Anataka serikali ikae mbali na duka lake, desturi ziachwe zilivyo, na kila mtu ale jasho lake. Kugawia watu chakula, asema, ni kuwafunza uvivu. Maneno haya huyasema kila Ijumaa huku anapakua pilau kwenye sahani zilizoletwa na nusu ya mtaa. Nimefanya kazi ya kuripoti redioni miaka mingi, nimewabana waheshimiwa kwa maswali, lakini swali la sahani zile sijathubutu kumuuliza. Naye akitaka ataniuliza kwa nini mimi, mtetezi wa wafanyakazi, humsumbua fundi wangu kwa simu gauni langu likichelewa. Kwa hivyo tunaishi vizuri.

Shida ilikuwa baba wa bibi harusi. Huyu ni muuza vyombo, jirani yake Shangazi dukani, na chama chao kimoja. Siku tulipokwenda kuposa alisema waziwazi, macho yake kwangu: "Kijana wenu namjua, mzuri. Ila kwenu kuna siasa. Siku mtakayoniletea siasa mlangoni pangu, mlango mtaukuta umefungwa, na maneno yetu yameisha."

Shangazi aliweka ahadi, kwa jina la marehemu baba yake, kwamba siasa haitafika pale. Mpwa wangu alikonda kwa wasiwasi kabla hata sijamwambia habari ya rangi.

Nilimwambia Shangazi kwanza.

"Damu ya mzee ilikuwako kabla mama zenu hawajazaliwa," alinijibu, akiendelea kukunja leso. "Wao ndio wabadilishe."

"Shangazi, chama hakiwezi kubadilisha rangi kwa ajili ya harusi."

"Basi ndiyo maana hamshindi."

Siku ikafika. Baada ya sala ya alasiri tulitoka, wanawake tele, leso zimefungwa, jasmini kichwani, wapiga vugo mbele wakigonga pembe zao za nyati kwa vijiti, na begi juu ya mikono ya mabinti wenye nguvu. Tulipendeza. Nasema kama shahidi: tulipendeza mno. Na tulifanana na mkutano wa hadhara. Muuza kahawa alinyanyua birika kutusalimu, akasema, "Mumepata wanachama wengi namna hii lini?" Nilijifanya sikusikia.

Tulipokunja kona kuingia barabara ya kina bibi harusi, nikasikia nyuma yetu sauti niliyoijua. Ilikuwa pikapu ya chama chetu, imetoka Makupa, imepambwa mabango na vipaza sauti, imeingia Mji wa Kale kukwepa msongamano. Mle ndani waliona wanawake wamejaa njia, wote na rangi zetu, wote wanaimba. Wafikirie nini?

"Wanawake oyeee!" kipaza sauti kikanguruma. "Hawa ndio kina mama wa mabadiliko! Msikae nyuma, twendeni!"

Na mabinti wetu, kwa raha tu, wakaitikia: "Oyeee!"

Nilirudi nyuma mbio, viatu mkononi, nikampungia dereva aondoke. Aliniona, akanitambua, akapiga honi kwa furaha. "Dada, umefanya kazi kubwa!" Nikamwambia ni harusi. Hakunisikia. Nikapiga kelele kwamba ni harusi. Akapandisha muziki.

Ndipo nilipotazama juu. Baba wa bibi harusi alikuwa dirishani ghorofani. Alituangalia sisi, akaiangalia pikapu, akaniangalia mimi peku katikati ya njia. Akalifunga dirisha. Chini, mlango ulikuwa umefungwa tayari. Wapiga vugo wakanyamaza mmoja mmoja. Mpwa wangu, aliyekuwa akichungulia kutoka kona pale na rafiki zake ingawa bwana harusi haruhusiwi kufuata begi, alishika kichwa kwa mikono miwili.

Shangazi alinitupia jicho moja tu. Kisha akaiendea pikapu, akanyoosha mkono, na yule bwana wa kipaza sauti akampa, kama mtu anavyompa mama yake akiombwa.

"Assalam alaykum," Shangazi alisema, na sauti yake ikagonga kuta zote mbili za mtaa. "Nyinyi hapo garini. Hii ni harusi. Mimi kura siwapi, jana sikuwapa na kesho siwapi. Mwataka serikali iingie mpaka chunguni mwangu ihesabu nyama! Mtu aamka alfajiri, afungua duka, mwamfuata na kodi. Duka muniachie, na watoto muniachie niwaoze kwa heshima. Sasa zimeni huo mdundo wenu, twaimba."

Mdundo ukazimwa. Halafu dirisha la juu likafunguliwa kwa kishindo.

"Muongezeeni sauti!" aliita baba wa bibi harusi.

Alishuka mwenyewe kufungua mlango, anacheka mpaka kofia imepinda. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikashindwa kujizuia. "Baba, si ulisema hutaki siasa mlangoni?"

"Siasa iko wapi?" akanishangaa kwa dhati. "Hiyo ni akili tu."

Nimeitafakari sana kauli hiyo. Yeye alisikia siasa kila nilipofungua mdomo, na kwa Shangazi akasikia akili. Nami, nikijichunguza vizuri, huwa hivyo hivyo wakati hotuba ni yetu. Lakini siku ile sikutafakari lolote. Vigelegele vilikuwa vimepasuka, begi lilikuwa linapanda ngazi, na nilikuwa nacheka hata sioni njia. Bwana wa kipaza sauti alinivuta pembeni.

"Yule mama ni nani? Tumpe ugombea wa wadi."

"Kamwambie wewe," nikasema. Hakwenda.

Ghorofani, katikati ya udi na sharubati, Shangazi alinisogelea, bado anahema.

"Kipaza sauti chenu kizuri," alininong'oneza. "Mwaweza kutuazima siku ya harusi?"

Chama kikatuazima kipaza sauti pamoja na pikapu. Wenzangu walibandua mabango, wakafunga leso zilizobaki kwenye robota pande zote za pikapu, na rangi ikabaki ile ile. Mpwa wangu alipelekwa kwa mkewe amepanda nyuma ya gari hilo. Kiti cha mbele, karibu na dereva, alikaa baba wa bibi harusi, kipaza sauti mkononi, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya mpaka tukafika.